Kulitazama Jambo Upya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mawazo, Hisia na Kukaa Vizuri

Nafanya kazi ya unasihi hapa Moshi. Wanaokuja kuzungumza nami wanatoka Majengo, Pasua, Njoro na Kibosho, na wengine hupanda basi la asubuhi kutoka Arusha. Kila mmoja huingia akiamini swali lake halijawahi kuulizwa na mtu mwingine. Maswali yao yanafanana sana, ndiyo maana nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mifano ya watu nimeibadilisha ili asitambulike mtu.

Kudhibiti hisia kwa kufikiri ni kitu gani hasa?

Tuseme umemtumia dada yako ujumbe wa WhatsApp saa mbili asubuhi kuhusu mchango wa harusi ya mdogo wenu. Tiki zimegeuka bluu. Saa sita mchana bado kimya. Kichwani linakuja neno moja: ananidharau. Kifua kinabana, chakula hakishuki. Kisha unakumbuka kwamba wiki hii yuko zamu ya mchana wodini, na huwa anafungua simu huku anatembea. Kifua kinalegea. Dada bado hajajibu na ujumbe uko palepale ulipokuwa. Kilichobadilika ni maana uliyoupa ule ukimya.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika maelezo ambayo hadi leo watafiti wengi wanayatumia. Alisema hisia haitokei ghafla kama radi. Inapita hatua: kuna hali uliyomo, kuna kile unachokielekezea macho na masikio ndani ya hali hiyo, kuna maana unayokipa, ndipo mwili na uso vinaitikia. Unaweza kuingilia hatua yoyote. Ukiingilia kwenye maana, kabla hisia haijakomaa, ndiko mimi nakuita kulitazama jambo upya. Ukisubiri hadi hisia imejaa kisha ukaibana isionekane usoni, hilo ni jambo lingine kabisa, na ndilo linalotupotosha wengi wetu.

Si ndiyo kule kujikaza tunakofundishwa tangu utotoni?

Hapana, na kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, nakuomba usome hili.

Baba yangu tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Wajomba walinishika bega wakaniambia, "Jikaze, wewe ndiye mkubwa sasa." Nilijikaza. Nilisimama pale kaburini sikutoa chozi, nikapokea wageni, nikahakikisha mbege, pombe yetu ya ndizi, inatosha na wazee wamekaa kwenye viti. Watu walinisifu. Leo hii sikumbuki ni nani alisoma wasifu wa marehemu, wala wimbo ulioimbwa jeneza lilipokuwa linashuka. Dada yangu aliyelia hadi sauti ikakauka anakumbuka kila kitu, na huwa namwomba anisimulie.

Kwa miaka mingi nilidhani ni kumbukumbu yangu tu mbovu. Baadaye, masomoni, nikakuta watafiti walishaliona hili: mtu anayepewa kazi ya kuficha hisia zake usoni wakati jambo linaendelea hukumbuka machache ya yale yaliyosemwa. Nguvu ya kusikiliza imekwenda kwenye kuulinda uso. Na ndani hakuna kilichopoa. Uso unatulia, lakini hisia chungu inabaki na ukali wake, na moyo na mishipa ya damu inafanya kazi ya ziada. Zaidi ya hapo, kwenye jaribio moja la wanawake waliozungumza wawili wawili, yule aliyekaa na mwenzake aliyeficha hisia alipandwa na shinikizo la damu, ingawa yeye hakuficha chochote.

Mwaka 2003 Gross na mwenzake Oliver John walitoa dodoso la sentensi 10 tu: sita zinapima mazoea ya kulitazama jambo upya, nne zinapima mazoea ya kuficha. Waliozoea kulitazama upya walikuwa na furaha zaidi, marafiki wa karibu zaidi, dalili chache za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), na waliridhika zaidi na maisha yao. Waliozoea kuficha walikuwa kinyume chake karibu kila mahali, tena walijiona si wa kweli mbele za watu.

Huku kwetu kuficha kuna majina mazuri. Kujikaza. Kuvumilia. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini wahenga haohao ndio waliosema mficha maradhi kifo humuumbua.

Niongeze jambo moja la haki. Tafiti zile za mwanzo zilifanyika Marekani. Baadaye watafiti walipowalinganisha watu wa asili ya Asia Mashariki, ambako utulivu wa uso ni heshima, madhara ya kuficha yalionekana kuwa madogo. Kwa hiyo ukinyamaza mbele ya baba mkwe sitasema unaumwa. Hiyo ni adabu, na unaijua mipaka yake. Shida inaanza pale unapotoka kwa baba mkwe, ukafika kwako, ukafunga mlango, na bado huna mtu hata mmoja wa kumwambia.

Basi si ni kujidanganya? Jambo baya ni baya tu.

Swali hili huulizwa sana na wanaume, na wana haki ya kuuliza. Maana mpya unayoitafuta lazima iwe ya kweli. Ikiwa ya uongo haitashika. Usiku wa manane itakuamsha.

Mwanao amepata divisheni sifuri kidato cha nne. Ukijiambia "elimu si muhimu," unajidanganya, na mtoto anakuona. Ukijiambia "maisha yake yameisha," hilo nalo ni uongo, ila tumelizoea kiasi kwamba tunaliona ndiyo ukweli mchungu. Umri wake ni miaka 17. Mtihani unaweza kurudiwa, chuo cha ufundi cha VETA kipo hapahapa Moshi, na mikono yake ni mizima. Hayo yote ni kweli, na ukiyashika utaweza kukaa naye mezani mkapanga kinachofuata badala ya kumfokea.

Kipimo ninachowapa watu ni hiki: je, maneno haya ungeweza kumwambia rafiki yako mpenzi aliyefikwa na jambo hilihili, ukimwangalia machoni? Ukiona aibu kuyasema, yatupe, utafute mengine.

Je, inafaa kwa kila shida?

Hapana. Nasisitiza, kwa sababu nimeona ushauri huu ukitumiwa vibaya.

Mtafiti Allison Troy na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo yaliyonifanya nibadilishe namna ninavyofanya kazi. Waliangalia watu wenye uwezo mkubwa wa kulitazama jambo upya, kisha wakauliza: shida inayowakabili wanaweza kuibadilisha au hapana? Pale shida ilipokuwa nje ya uwezo wao, wenye ustadi huu walikuwa na dalili chache za sonona. Pale walipoweza kufanya kitu, ikawa kinyume: wenye ustadi mkubwa walikuwa na dalili nyingi zaidi. Mimi nalielewa hivi: ukijituliza juu ya jambo ambalo ulipaswa kuinuka ukalirekebisha, utulivu wako unakulaza, na shida inaendelea kukua.

Mwaka 2020 watalii walipoacha kuja kwa sababu ya Korona, waongozaji wa Moshi na Arusha walikaa nyumbani na vyeti vyao. Hakuna aliyeweza kulifungua anga kwa bidii yake. Hapo, kusema "hili halikuja kwa uzembe wangu, na mlima haujaondoka" kulikuwa dawa. Lakini mpagazi anayebebeshwa zaidi ya kilo 20 zinazoruhusiwa mlimani hahitaji mtazamo mpya. Anahitaji mzigo wake upimwe getini. Mama anayepigwa na mume asiletewe habari za mtazamo. Aende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kwa mtu atakayemsindikiza. Mtoto anayeteswa, au jirani anayejua anateswa, apige 116, ni bure.

Kwa hiyo kabla ya swali la "nilitazameje?" kuna swali la kwanza: kuna kitu ninachoweza kukifanya hapa?

Hasira ikishapanda siwezi kufikiri chochote. Nifanyeje?

Usijilazimishe kufikiri wakati huo. Majaribio yanaonyesha kwamba hisia ikiwa kali sana watu huchagua kugeuza macho kwanza, waangalie au wafikirie kitu kingine, na kulitazama jambo upya wanakuacha kwa hisia zenye ukali wa wastani. Huo si udhaifu. Toka nje. Teka maji, kata majani ya ng'ombe, tembea hadi kona ya barabara urudi. Kisha fanya mambo mawili madogo.

La kwanza, itaje hisia kwa jina lake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakitazama nyuso zenye hasira au hofu. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu, amigdala, ilipunguza kazi yake. Hapa Kiswahili chetu cha kila siku kinatuponza kidogo. Mtu akiulizwa ana nini anajibu, "Nina mawazo." Mfiwa ana mawazo, mdaiwa ana mawazo, aliyeachwa na mchumba ana mawazo. Neno moja linabeba mizigo kumi. Na si sisi peke yetu: Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilohilo daktari Dixon Chibanda alijenga huduma ya mabibi wanaokaa kwenye benchi na kuzungumza na wenye mawazo, akianzia Harare mwaka 2006. Mtu akiniambia ana mawazo huwa namuuliza: ni mawazo ya aina gani, mama? Ni uchungu? Aibu? Wivu? Hofu ya kodi ya nyumba? Kinyongo? Mara nyingi jibu linapopatikana, mabega yanashuka hapohapo kabla sijasema lolote la maana.

La pili, jisemeshe kwa jina lako. Inaonekana ajabu, lakini mwaka 2014 Ethan Kross na wenzake walionyesha kwamba watu waliojizungumzia moyoni kwa majina yao badala ya "mimi" walikabili vizuri zaidi jambo la kuwatia wasiwasi, kama kuhutubia. "Neema, hiki kinachokuchoma ni nini?" Unakuwa kama dada yako mwenyewe aliyekuja kukutembelea.

Kaka yetu mkubwa yuko Dar. Huu ni mwaka wa tatu haji Desemba. Kila nikikumbuka nakasirika upya. Hilo nalo nilitazame upya?

Swali hili nalipata kila Januari. Asiyekulia uchagani hawezi kujua uzito wake. Desemba mabasi yanajaa, migomba inapunguziwa majani, mbuzi anafungwa, na kiti kimoja kinabaki kitupu. Mama anauliza, "Hajapiga simu?" Wewe uliyebaki nyumbani ndiye unayeujibu uso wa mama.

Nawaomba watu waniandikie kwenye karatasi sentensi ile inayopita kichwani wakati wanakasirika. Karibu kila mara ni moja kati ya hizi: "ametusahau," "anajiona," au "ananiachia mama mimi peke yangu." Ziangalie vizuri. Mbili za kwanza zinasema yaliyomo moyoni mwa kaka, na moyo wa mtu ni msitu. Ya tatu inasema jambo linalotokea kwako. Hizo mbili tunaweza kuzitazama upya. Hiyo ya tatu inataka kufanyiwa kazi.

Kijana mmoja wa Kibosho alipozichambua akaanza na kaka. Ni nini kingine kingeweza kumzuia mtu asirudi kwao miaka mitatu? Akataja mwenyewe, polepole: nauli ya watu watano kwenda na kurudi, kazi iliyoyumba, aibu ya kufika mikono mitupu kwa watu watakaohesabu alichobeba, maneno waliyotupiana kuhusu mpaka wa kihamba. Hakujua lipi ni la kweli, na sikumtaka achague. Nilitaka tu aone kwamba "ametusahau" ni moja kati ya maelezo matano, na kwamba alikuwa amelala nalo kitanda kimoja kwa miaka mitatu.

Kisha tukaja kwenye ya tatu. Hapo sikumwambia atulie. Mama anahitaji dawa za presha kila mwezi, na mzigo ulikuwa wake peke yake kweli. Alimpigia kaka simu na kumweleza gharama, shilingi kwa shilingi, bila kutaja Desemba. Kaka alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kazi aliipoteza tangu mwaka ule wa kwanza.

Si kila simu inaishia hivi. Wengine wanapiga na kukuta kaka kweli anajiona. Hata hapo umefaidika, maana hasira yako sasa inasimama juu ya jambo unalolijua, na unaweza kuamua ukiwa macho. Wazee wetu walikuwa na jani la isale la kupeleka mtu anapoomba msamaha. Walijua kuna mambo hayamalizwi kichwani mwa mtu mmoja.

Mimi ni mtu wa ibada. Je, hii inapingana na maombi?

Sioni kama inapingana. Zaburi nyingi zinaanza kwa kilio na kuishia mahali pengine, na Muislamu anayesema innalillahi anakipa kifo maana kabla hajafanya jingine lolote. Ninachoomba ni kimoja: usiitumie imani kumnyamazisha mtu anayelia. Msibani, "ni mapenzi ya Mungu" ikisemwa mapema mno inafanya kazi ileile ya "jikaze."

Moyo unanidunda kabla ya mtihani au usaili. Nitulie vipi?

Labda usitulie. Alison Wood Brooks alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu walitakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu. Waliojiambia "nina hamasa" walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia." Moyo unaodunda kwa hofu na unaodunda kwa hamasa hautofautiani sana mwilini, ni rahisi kuubadilisha jina kuliko kuuzima. Ila hili halitasaidia kama hukusoma.

Mume wangu kila nikilalamika ananiambia, "Badili mtazamo." Naumia zaidi. Kwa nini?

Kwa sababu kulitazama jambo upya ni kazi ya mwenye jambo. Ukifanyiwa na mtu mwingine ambaye hajakusikiliza, unasikia kwamba maumivu yako yanamchosha. Mwambie hivi, wakati mmetulia: "Baba Fulani, nataka kwanza unisikie. Ushauri nitauomba." Na sisi wanasihi tunalikosea hili pia. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mwepesi wa kutoa tafsiri nzuri kwa watu ambao walikuwa bado hawajamaliza sentensi ya kwanza.

Je, hii inatibu sonona?

Kulitazama jambo upya peke yako nyumbani si tiba ya ugonjwa. Lakini ni sehemu ya tiba zinazofanya kazi. Miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walipitiwa na mawazo ya haraka ya kujilaumu ambayo hawakuyahoji kamwe. Akaanza kuyahoji pamoja nao, na hapo ikazaliwa tiba ya mazungumzo ambayo sasa inatumika dunia nzima.

Imefika hata hapa. Watafiti walifanya kazi na watoto 640 waliofiwa na mzazi, huko Bungoma nchini Kenya na huku Moshi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliowahudumia hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto walisaidiwa kusimulia kifo kile na kuyachunguza mawazo yanayowauma, kama lile la "ningekuwa mtoto mzuri mama asingekufa." Upande wa Kenya nafuu ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Ninapofikiria mtoto wa miaka nane akilibeba wazo hilo peke yake hadi utu uzima, naona kwa nini kazi hii haiwezi kusubiri.

Sasa, ukiona kwa wiki mbili au zaidi hupati usingizi au unalala mno, chakula hakina ladha, vitu ulivyovipenda havikuvuti tena, na unajiona hufai, nenda hospitali. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha, uulizie huduma ya afya ya akili. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri hata siku moja. Na kama ni ndugu yako, usimwache peke yake, msindikize, na uondoe nyumbani sumu ya kunyunyizia kahawa na mboga. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Itachukua muda gani nione tofauti?

Inategemea. Wapo wanaosikia unafuu siku ileile, kwenye jambo dogo. Tabia ya kuangalia maana kabla ya kuitikia inakuja kwa mazoezi, kama kukamua ng'ombe: mwanzoni mkono unauma na maziwa hayatoki. Nunua daftari la kawaida. Tangu miaka ya 1980 James Pennebaker alionyesha kwamba kuandika juu ya jambo zito kwa dakika 15 au 20, siku tatu au nne, kuna faida kwa watu wengi. Usijali herufi wala sarufi. Andika Kiswahili, Kichaga, au vyote viwili kwenye mstari mmoja. Daftari ukiona wengine watalisoma, lichome ukimaliza. Kilichosaidia ni kuandika.

Naogopa kuja peke yangu. Naweza kuja na mtu?

Karibu. Wengi huja na dada, mke au rafiki wa kikoba. Anaweza kuingia nawe, au akae nje kwenye benchi chini ya mparachichi hadi utakapotoka. Mwambie tu abebe sweta kama ni Julai, maana asubuhi kunakuwa na baridi.